Boriti, Chuma na Kioo: Usanifu wa Majengo Ulivyogeuka Katikati ya Karne ya 19

Fundi wa Lamu au wa Unguja aliyejenga nyumba ya mawe katika karne ya 19 hakuhitaji kujiuliza chumba kiwe na upana gani. Mkoko ulikwisha kumjibu. Boriti ya mkandaa iliyobebeshwa sakafu nzito ya mawe na chokaa haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo mwenye nyumba aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini si kukipanua. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Aliyetaka ukumbi mpana ilimlazimu asimamishe nguzo katikati au ajenge matao.

Ulaya nayo ilikuwa chini ya sheria hiyohiyo kwa maelfu ya miaka. Jiwe hubeba mzigo mkubwa ukilikalia juu, lakini ukililaza livuke nafasi, huvunjika. Mbao huvuka zaidi, kisha huoza na kuungua. Makanisa makuu yanayostaajabisha watu mpaka leo, pamoja na matao yake yote na kuta zake nene, ni jitihada za kuipinda sheria hiyo bila kuivunja. Ilikuja kuvunjwa kati ya miaka ya 1840 na 1870. Mwaka 1868, katika stesheni ya St Pancras mjini London, paa la chuma lilivuka upana wa mita zipatazo 73 kwa tao moja, bila nguzo hata moja katikati.

Tukisoma historia ya usanifu ya kipindi hicho, mara nyingi tunasimuliwa ugomvi wa mitindo: nani alishika Gothiki, nani alishika Uyunani na Roma, nani alichanganya. Ugomvi huo ulikuwepo na ulikuwa mkali. Lakini mimi nashikilia kwamba haukuwa kiini cha mambo. Wasanifu walipokuwa wanagombania uso wa jengo, mifupa yake ilikuwa inabadilishwa na watu wengine kabisa: watunza bustani, wahandisi wa reli, wenye viwanda vya kusubu chuma.

Tuanze na ugomvi wenyewe, maana hauwezi kurukwa. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834 jumba la Bunge la Uingereza liliteketea. Ikaamuliwa jipya lijengwe kwa mtindo wa Gothiki au wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kazi akapewa Charles Barry. Barry alikuwa hodari wa mpango wa jengo, lakini moyo wake ulikuwa kwa majumba ya Italia. Mapambo akamwachia kijana aliyeitwa Augustus Pugin, mtu aliyeamini kwamba Gothiki ndiyo njia pekee ya kweli ya kujenga kwa taifa la Kikristo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1840, na saa kubwa ya mnara ikaanza kufanya kazi mwaka 1859. Kwa nje, jumba hilo ni kama limetoka karne ya 15. Ukipanda juu, unakuta mapaa yaliyofunikwa kwa vigae vya chuma cha kusubu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuona Bunge likiungua mara ya pili. Ndani ya jengo hilo moja muna mambo yote mawili: uso uliogombaniwa kwa miaka, na chuma kilichoingia kimyakimya.

Chuma chenyewe hakikuwa kigeni. Daraja la chuma juu ya mto Severn lilikamilika mwaka 1779, na kuanzia miaka ya 1790 wenye viwanda vya nguo Uingereza walikuwa wanaweka nguzo na boriti za chuma ili majengo yao yasishike moto kutokana na vumbi la pamba na taa za mafuta. Kilichogeuza mambo ni reli. Reli ilihitaji chuma kwa wingi usiowahi kuonekana, ikajenga viwanda vya kukitoa, ikafundisha kizazi cha wahandisi kukikokotoa, kisha ikadai mabanda makubwa ambamo treni zingesimama bila kugonga nguzo. Stesheni ya Lime Street, Liverpool, ilipata paa la zaidi ya mita 46 mwishoni mwa miaka ya 1840, kazi ya Richard Turner, mfua chuma wa Dublin. Paddington ya Isambard Brunel ikafuata mwaka 1854. Huko St Pancras, mhandisi William Barlow aliinua reli juu ya ghala la chini ambamo pipa za bia kutoka Burton zilihifadhiwa, na nafasi kati ya nguzo za ghala hilo aliipima kwa pipa. Pipa la bia ndilo lililoamua vipimo vya mojawapo ya majengo makubwa ya karne, kama boriti ya mkoko ilivyoamua vya nyumba ya Lamu.

Somo hilo lilikuwa na gharama. Kuna chuma cha kusubu, kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kuna chuma cha kufua, kinachopigwa na kuviringishwa. Cha kusubu ni kama chaki: ukikikandamiza kwa wima kinavumilia sana, ukikipinda kinakatika ghafla bila kutoa onyo. Mwezi Mei 1847 daraja la reli la mto Dee, huko Chester, lililokuwa na boriti za chuma cha kusubu, lilikatika treni ikipita juu yake na watu watano wakafa. Aliyelisanifu alikuwa Robert Stephenson, mhandisi aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wa zama zake. Tume iliundwa kuchunguza matumizi ya chuma katika madaraja, na tangu hapo kupima uimara wa chuma kwa majaribio na hesabu kukaanza kuchukua nafasi ya kukisia kwa uzoefu.

Sasa tuje kwenye jengo lililobeba yote haya kwa pamoja.

Mwaka 1850 London ilijiandaa kwa Maonyesho Makuu ya mataifa yote, yaliyosimamiwa kwa karibu na Mwanamfalme Albert, mume wa Malkia Victoria. Lilihitajika jumba kubwa kuliko yote, la muda tu, katika bustani ya Hyde Park, na kufunguliwa ilikuwa Mei 1851. Michoro 245 ililetwa kutoka nchi mbalimbali, yote ikakataliwa. Kamati ya ujenzi, ambayo Barry na Brunel walikuwa wajumbe wake, ikatoa mchoro wake yenyewe: ghala refu la matofali na juu yake kuba kubwa la chuma. Watu wa London walipouona walikasirika. Matofali kwa mamilioni yangeletwa bustanini mwao kwa ajili ya maonyesho ya miezi michache, na hakuna aliyeamini kwamba yangekauka kwa wakati, wala kwamba yangeondolewa baadaye.

Ndipo akatokea Joseph Paxton. Hakuwa msanifu. Alikuwa mtunza bustani wa Duke wa Devonshire huko Chatsworth, mtoto wa mkulima, aliyejifunza ujenzi kwa kutengeneza mabanda ya vioo ya kuoteshea mimea ya nchi za joto. Mwaka 1849 alikuwa amefaulu kulichanulisha yungiyungi kubwa la Amerika Kusini, ambalo jani lake lilikuwa pana na imara kiasi cha kumbeba bintiye mdogo akiwa amesimama juu ya maji. Jani hilo lina mbavu ngumu upande wa chini, zinazotoka katikati kuelekea ukingoni na kuunganishwa na vijimbavu vya kukingama. Alilijengea nyumba yake ya kioo, na paa lake akalikunja kama karatasi iliyokunjwa mikunjo mikunjo, mgongo na bonde, mgongo na bonde. Tarehe 11 Juni 1850, akiwa katika kikao cha kampuni ya reli mjini Derby, alichora wazo lake kwenye kipande cha karatasi ya kunyonyea wino. Siku chache baadaye michoro kamili ilikuwa tayari.

Jengo lililotoka humo lilikuwa na urefu wa mita zipatazo 563 na upana wa mita 124. Vioo vyake vilikaribia 300,000. Lakini ukubwa si jambo la kwanza la kustaajabia hapa. La kwanza ni kipimo. Paxton alianza na kipande kikubwa cha kioo ambacho kiwanda kingeweza kukitoa kwa bei nafuu, chenye urefu wa sentimeta zipatazo 124, na kutokana na kioo hicho vikapatikana vipimo vya paa, vya boriti, vya nguzo, vya jumba zima. Nguzo zote zilikuwa na unene mmoja kwa nje. Palipohitajika nguvu zaidi, chuma kilizidishwa upande wa ndani, ili kila kiungo kiingie popote. Nguzo hizo zilikuwa wazi ndani kama mwanzi, na maji ya mvua yalishuka kwa humo. Mifereji ya mbao ya paa iliyokusanya maji hayo ilichongwa kwa mashine. Mafundi wa vioo walikaa kwenye vigari vilivyobingirika juu ya mifereji ileile kama treni juu ya reli, wakipachika huku wakirudi nyuma. Katika wiki moja wanaume 80 walipachika vioo zaidi ya 18,000. Nguzo ya kwanza ilisimamishwa Septemba 1850. Tarehe 1 Mei 1851 Malkia alifungua maonyesho. Palipokuwa na miti mikongwe ambayo wananchi walikataa ikatwe, tao la paa lilipandishwa juu ili miti ibaki imesimama ndani ya jumba.

Kulikuwa pia na sababu za mfukoni. Ushuru wa vioo, uliokuwa ukifanya dirisha kuwa anasa Uingereza, ulifutwa mwaka 1845. Bila kufutwa huko, mchoro wa Paxton ungebaki ndoto ya mtu wa bustani. Msomaji akiona jengo jipya la ajabu, asiulize tu nani alilisanifu. Aulize pia sheria gani ya kodi ilibadilika kabla yake.

Watu zaidi ya milioni sita waliingia katika miezi isiyofika sita. Wengi walisimulia kwamba macho yao hayakupata pa kukomea: hapakuwa na ukuta wa kuonyesha mwisho wa chumba. John Ruskin, mhakiki mkubwa kuliko wote wa sanaa nchini humo, aliliona banda la mimea tu lililokuzwa kupita kiasi. Pugin naye alilidharau, ingawa ndani yake alipanga ukumbi mzima wa vitu vya mtindo wa enzi za kati.

Kwa Ruskin lazima tusimame kidogo, kwa sababu ni rahisi kumcheka na kumcheka ni kosa. Alikosea kuhusu chuma. Katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu taa saba za usanifu alishikilia kwamba usanifu wa kweli hautumii chuma kama kiungo cha kubeba jengo. Lakini katika vitabu vyake juu ya Venice, vilivyotoka kati ya 1851 na 1853, aliuliza swali ambalo hakuna mhandisi aliyelijibu: fundi anageuka kuwa nani, akipewa kazi ya kurudia kitu kimoja mara elfu? Fundi wa kanisa la kale alikosea, akabuni, akaacha alama ya mkono wake kwenye jiwe. Vioo vya Hyde Park vilipulizwa na watu kwa pumzi zao wenyewe karibu na Birmingham, bomba la kioo baada ya bomba, kisha likapasuliwa na kulainishwa likiwa moto. Hakuna hata kimoja kilichobeba jina au dalili ya aliyekipuliza. Mkono haukuondoka kwenye ujenzi, ila ulinyang'anywa uamuzi. Hilo Ruskin aliliona mapema kuliko wengi, na mwanafunzi wake wa kimawazo, William Morris, alipojengewa nyumba yake ya matofali mekundu na Philip Webb mwaka 1859, alikuwa anatafuta njia ya kumrudishia fundi heshima hiyo.

Oxford walijaribu kupatanisha pande zote mbili. Jumba la makumbusho ya sayansi la chuo kikuu, lililoanzwa 1855 kwa moyo wa Ruskin mwenyewe, lina kuta za Gothiki zilizochongwa kwa mkono na ua lililofunikwa kwa chuma na kioo. Paa la kwanza la chuma cha kufua halikuweza kubeba uzito wake, likashushwa, na nguzo za chuma cha kusubu zikawekwa badala yake. Majani ya chuma yaliyozungushwa kwenye vichwa vya nguzo ni mazuri kuyatazama, lakini nguzo hizo zinaiga jiwe na zinaiga mti, na ni vigumu kusema zenyewe ni nini.

Aliyefaulu, kwa maoni yangu, alikuwa Mfaransa. Henri Labrouste alijenga maktaba ya Sainte-Geneviève mjini Paris kati ya 1843 na 1850. Ni jengo la wanafunzi, mkabala na Panthéon. Kwa nje ni mawe matupu, sanduku tulivu lenye safu ya madirisha ya tao, na chini ya madirisha hayo yamechongwa majina 810 ya waandishi, mahali palepale ambapo kwa ndani vitabu vimepangwa. Ukipanda ngazi unaingia ukumbi mmoja mkubwa wa kusomea. Katikati yake nguzo 16 nyembamba za chuma zinabeba matao mepesi ya chuma yaliyotobolewa kama mapambo ya lesi, na juu ya matao hayo dari la plasta limekaa kama turubali. Taa za gesi ziliwekwa ili mwanafunzi maskini, asiye na mshumaa wala moto chumbani kwake, aje asome usiku. Labrouste hakukificha chuma wala hakukivalisha nguo za jiwe. Jiwe alilipa kazi ya jiwe, kuzuia baridi na kelele za mtaa. Chuma akakipa kazi ya chuma, kuvuka nafasi bila kuziba mwanga. Hivyo ugomvi uliopigwa London kwa makelele ulikuwa umekwisha kupata jibu Paris, mezani pa wasomaji.

Mji huohuo ulitoa mfano wa pili. Victor Baltard alipoanza kujenga masoko makuu ya Les Halles, banda lake la kwanza lilikuwa la mawe, zito kama ngome, na Waparisi wakalikejeli. Mwaka 1853 Mfalme Napoleon wa Tatu alisimamisha kazi akataka chuma, kitu chepesi kama miavuli. Baltard akabadilika, akajenga mabanda ya chuma na vioo yaliyoigwa na miji mingi. Yote hayo yalikuwa sehemu ya kazi kubwa ya Georges Haussmann, aliyepasua mji kwa barabara pana na kuchimba mifereji ya majitaka chini yake huku maelfu ya maskini wakihamishwa. Habari hiyo ni ndefu na ni ya mipango miji zaidi kuliko ya usanifu, kwa hiyo siifuati hapa.

Ng'ambo ya Atlantiki, New York ilichukua chuma kwa ajili ya duka. James Bogardus na Daniel Badger waliuza nyuso nzima za majengo, zilizosubiwa kiwandani na kufungwa kwa bolti mtaani. Mwaka 1854 Elisha Otis alisimama mbele ya watu juu ya jukwaa lililoinuliwa kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe, na breki aliyoibuni ikalishika jukwaa. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria iliwekwa katika duka la Haughwout, Broadway, jengo la ghorofa tano tu. Urefu wa miji ya baadaye ulianza hapo, pamoja na njia ya Henry Bessemer ya mwaka 1856 ya kutengeneza chuma pua kwa bei rahisi.

Lakini yaliyotufikia sisi Afrika Mashariki hayakutoka sana kwenye majumba haya mashuhuri. Yalitoka kwenye vitu viwili vya kawaida ambavyo vitabu vya usanifu huvipa mstari mmoja. Cha kwanza ni bati. Henry Palmer wa London alipata hakimiliki ya kukunja bati la chuma migongo migongo mwaka 1829. Mikunjo ileile aliyoitumia Paxton kwenye kioo hulifanya bati jembamba lisipinde. Kuanzia 1837 likaanza kupakwa zinki lisipate kutu, na dhahabu ilipogunduliwa California na Australia karibu na 1850, nyumba nzima za mabati zilipakiwa melini kutoka Uingereza. Mwanamfalme Albert mwenyewe aliagiza ukumbi wa dansi wa mabati kwa ajili ya Balmoral mwaka 1851. Nairobi ilipoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, mabati ndiyo yaliyoijenga, na leo hakuna kijiji chetu kisichosikia mvua ikipiga juu yake.

Cha pili kilitoka, kwa mara nyingine, bustanini. Joseph Monier alikuwa mtunza bustani wa Kifaransa aliyechoshwa na vyungu vya miche vinavyopasuka. Akaweka wavu wa chuma ndani ya saruji, na mwaka 1867 akapewa hakimiliki. Kabla yake, Mfaransa Lambot alikuwa ametengeneza mashua ya saruji yenye wavu wa chuma, na Mwingereza William Wilkinson alikuwa amepata hakimiliki ya sakafu ya namna hiyo mwaka 1854. Saruji huvumilia kukandamizwa, chuma huvumilia kuvutwa. Vikishikana, udhaifu wa jiwe uliowatesa wajenzi tangu zamani huondoka. Fundi wa Dar es Salaam anayefunga nondo kwa waya kabla ya kumwaga zege anaendeleza kazi iliyoanzia kwenye chungu cha maua.

Chuma cha kusubu nacho kilifika pwani. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash Unguja mwaka 1883, lilizungushiwa baraza pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, na wako waliopoteza maisha. Wanaolijenga upya nawaomba wazihesabu nguzo hizo kuwa urithi sawa na milango ya kuchonga, maana zinasimulia sura ya karne ambayo milango haiwezi kuisimulia.

Mabanda ya Baltard yalibomolewa kuanzia 1971. Moja tu lilihamishiwa Nogent-sur-Marne. Jumba la Kioo la Paxton lilifunguliwa skrubu kwa skrubu, likajengwa upya na kupanuliwa huko Sydenham, likaungua usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Maktaba ya Labrouste ingali inapokea wasomaji, na nguzo zake 16 bado zinabeba dari lilelile.